Simba wa Bote Moja

Kinyago kikinuka, wanangu, msimlaumu anayekivaa. Mlaumuni aliyekitengeneza. Ninajua ninachosema, maana kinyago changu cha kwanza kilinuka hata mbwa wawili wakapanda jukwaani kumfuata Kasereka, mwigizaji wetu, wakamzunguka, wakamlamba magoti, na watu wakapiga makofi wakidhani tumewafundisha. Nilikuwa nimetumia ngozi ya mbuzi ambayo haikukolea dawa ya magome. Haraka zangu. Kasereka aliigiza mpaka mwisho, kisha akakivua, akanitupia, akasema: "Dada Zaina, mara ingine unipe mbuzi muzima. Atanuka kidogo."

Nawaandikia ninyi mnaotaka kuishika kazi hii. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetengeneza vinyago vya ngozi hapa Goma. Sisi wenyewe tunaviita masiki, na mji mzima unaniita Mama Masiki, hata watu wasiojua kwamba nina jina. Nitawasimulia kama mwanamke anayepika huku anaongea: nitaacha sufuria, nitarudi, lakini mtakula.

Baba yangu alikuwa fundi viatu katika mtaa wa Birere. Babu yake alitoka Maniema na biashara, na ufundi wa ngozi ukabaki katika ukoo wetu kama pua inavyobaki. Baba alishona makubazi, mikanda na mifuko, na alitengeneza viatu vya askari wa kila jeshi lililopita mjini. "Majeshi yanabadilika," alikuwa akisema, "soli ni zilezile." Katika watoto wake sita, mikono iliyoipenda ngozi ilikuwa yangu. Majirani walinung'unika kuona msichana anagonga nyundo. Baba akawajibu kwamba nyundo haijawahi kumuuliza mtu kama ni mume au mke.

Siku moja akaingia karakanani mtu mrefu mwenye koti lililochakaa viwiko, amebeba kitu katika gazeti. Nilidhani ni kiatu. Akakifungua, kikawa uso. Nusu ya uso, tuseme: paji, macho na pua ndefu iliyopinda kama mdomo wa kuku, ngozi ya kahawia iliyong'aa kwa jasho la miaka. Kilikuwa kimepasuka kutoka jichoni hadi puani.

"Munaweza kushona hii?" akauliza.

Baba akakigeuza huku na huku. "Hii ni kiatu ya nani?"

"Ya sura, muzee."

Huyo ndiye Papa Anselme, mwalimu wa hesabu, mtu wa Rutshuru. Ujanani mapadri walimpeleka Italia asomee upadri. Upadri ukamshinda, akatoka, akawa mbeba masanduku wa kundi moja la waigizaji wa kule, na kutoka kwenye masanduku akapanda jukwaani. Aliporudi nyumbani watu walimwuliza ameleta nini Ulaya. Alileta kile kinyago kimoja.

Alituambia kwamba Waitalia wa zamani walicheza michezo ya kuchekesha sokoni, juu ya mbao zilizowekwa kwenye mapipa, wakiwa wamevaa vinyago vya ngozi. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Nyuma ya pazia walibandika karatasi yenye mpangilio wa matukio tu, basi: huyu anaingia, yule anaiba, wanagombana. Maneno kila mtu aliyapata palepale. Na kila kinyago kilikuwa mtu ambaye watazamaji walimjua kabla hajafungua mdomo: mtumishi mwenye njaa isiyoisha, tajiri bahili, askari anayejisifu vita lakini anaogopa kivuli chake.

"Hao batu nawajua," Baba akasema. "Wananunua viatu hapa."

Nilikaa na kile kinyago siku tatu. Kukishona kulichukua saa moja. Siku zilizobaki nilikiangalia ndani. Sikilizeni hili vizuri: kitu kizuri hakikufundishi upande wa mbele. Kigeuze. Ndani niliona alama za misumari midogo ukingoni, nikajua ngozi ilipigiliwa juu ya ubao wakati imelowa. Niliona mikunjo iliyopondwa mpaka ikapotea, nikajua kulikuwa na nyundo isiyo ya chuma, maana chuma kingekata. Nikatengeneza nyundo yangu kwa pembe ya ng'ombe. Ubao wa kukandia nilimwendea Kasereka, kijana wa Kinande aliyechonga chukudu, yale magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili. Nikamwambia nataka anichongee uso. Akauliza uso huo utabeba magunia mangapi ya viazi.

Alichonga, nami nikapiga ngozi. Cha kwanza ndicho kile cha mbwa. Cha pili nilisahau matundu ya pua, na Kasereka, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kunaswa na mchezo, aliigiza dakika kumi kisha akakaa chini taratibu, macho yametoka. Watazamaji walicheka sana. Mimi nilikimbia na kisu. Tangu siku hiyo sikumpa mtu kinyago ambacho sikukivaa kwanza mwenyewe, nikatembea nacho, nikapanda ngazi nacho, nikasema jina langu mara ishirini. Ndiyo maana jirani zetu waliamini nina wazimu. Ndiyo maana pia, kama mtakavyosikia, siku moja nilipona.

Kundi letu lilikuwa watu wanne. Papa Anselme, Kasereka, mimi wa ngozi na nguo, na Furaha, muuza samaki wa Keshero mwenye sauti ya kuvuka maji. Tulitaka mchezo wa watoto. Tukachagua hadithi ambayo kila bibi wa nchi hii ameisimulia: wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kuchimba, halafu anawazidi akili walinzi na kunywa maji, mpaka Kobe anajipaka ulimbo mgongoni na kumnasa. Papa Anselme alifurahi. Alisema Waitalia wangeiba hadithi hii bila hata kuuliza. Sungura ni mtumishi wao mwenye njaa. Fisi ni tajiri bahili, ndiye atakayeuza maji kwa tone. Simba ni kapiteni wa majigambo anayelinda kisima. Kobe ni mama mwenye subira, hana kinyago, uso wake mtupu ndio ukweli.

Tulienda kuijaribu mbele ya watoto wa shule moja. Baada ya dakika tano mtoto wa kike akanyanyua mkono.

"Mwalimu, kisima njo nini?"

Na wewe unayesoma ukiwa umezaliwa hapa unaelewa: sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano. Nani amewahi kuchimba kisima Goma? Maji yetu yanatoka ziwani, yanabebwa kwa madumu tunayoyaita bidoni, au yanasubiriwa kwenye robine, bomba la mtaa, foleni kutoka alfajiri. Papa Anselme akaanza kueleza udongo, kamba, ndoo. Mtoto akasikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia mwenzake: "Ni robine, lakini iliharibika."

Tulibishana wiki nzima. Papa Anselme alitaka kisima kibaki kwa sababu hadithi ni ya wazee. Pia alitaka Sungura aitwe kwa jina la Kiitalia. Kasereka akakataa katakata.

"Papa, miye siwezi kulia njaa kwa jina ya mugeni. Njaa yangu iko na jina yangu."

"Lakini asili yake ni kule!"

"Kule walifanya nini?" Furaha akauliza, huku anaparua samaki. "Si ulisema walicheza batu ya soko yao?"

Yule mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa na hesabu yake mwenyewe. "Ni kweli. Walichukua watu wa soko lao. Nasi tuchukue wa letu." Basi kisima kikawa robine. Ulimbo ukawa gundi yangu ya viatu. Sungura akajaribu kuiba maji kwa kuyabeba masikioni, kila sikio bidoni, na akifika nyumbani anainama kusalimia mkewe, yote yanamwagika. Mkitaka kubadili hadithi ya zamani, wanangu, fanyeni hivyo: msiguse mfupa, badilisheni nyama yote. Mfupa wa ile ni mmoja tu: aliyekataa kufanya kazi anakunywa, na aliyefanya kazi ana kiu. Hilo halihitaji kutafsiriwa hapa.

Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Sitasema ni akina nani. Wengine mna baba zenu humo, na wengine mna baba zenu waliokufa kwa sababu yao. Tuliishi. Tulifanya mazoezi mchana, tukatawanyika mapema. Na katika kundi letu mlikuwa na Kasereka Mnande, Papa Anselme wa Rutshuru anayesema Kinyarwanda, Furaha Mhavu, na mimi Mwislamu wa Maniema, miaka ambayo watu waliulizana ukoo kabla ya kuulizana hali. Ndani ya kinyago hakuna aliyeuliza. Sungura alikuwa Sungura. Najivunia hilo kuliko mshono wowote niliowahi kuupiga.

Halafu mlima ukapasuka.

Ardhi ilikuwa imetikisika siku kadhaa, tukawa tumezoea, kama unavyozoea jirani mgomvi. Asubuhi ile watu walipiga kelele kwamba moto unashuka. Moshi ulikuwa mweusi juu na mwekundu chini. Mto wa mawe yanayochemka ulikuja polepole, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: unakupa muda wa kuchagua. Nilikimbilia karakanani. Baba alikuwa tayari njiani na Mama. Vinyago vyetu vitatu na kile cha Italia vilikuwa ndani ya mfuko wa turubai uliokuwa ukining'inia msumarini. Nikaunyakua mfuko, nikachomeka nyundo yangu ya pembe kiunoni, nikafunga mlango kwa ufunguo. Ndiyo, nilifunga kwa ufunguo. Mnaweza kucheka. Nilipogeuka nyuma kwenye kona, nyumba ya jirani ilikuwa inawaka.

Wengine walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Sisi tulikwenda upande wa Sake, tukaishia Lac Vert, penye ziwa dogo, tukalala chini pamoja na watu wasiohesabika. Kesho yake Kasereka na Furaha wakatupata. Nikawaambia kwa fahari: "Masiki iko hapa. Nimeziokoa." Nikaufungua mfuko.

Ulikuwa mfuko wa takataka. Vipande vya mikoba, ndimi za viatu, mabaki ya mikanda, na bote moja ya jeshi, yaani buti, ya mguu wa kushoto, ambayo askari mmoja alikuwa ameileta kubadilishwa soli. Mifuko miwili ilikuwa kwenye misumari miwili. Nilichukua usio wenyewe.

Nililia mbele ya watu wote. Karakana ya Baba, kalibu za Kasereka, zile mbao za kukandia, ngozi nzuri niliyoikausha miezi miwili, na kile kinyago cha Italia, vyote chini ya mawe. Papa Anselme, aliyefika baadaye akichechemea, alisikia habari ya kinyago chake. Kisha akashika ulimi wa kiatu, akaupima kwenye pua yake. "Zaina," akasema, "hii inaweza kuwa pua ya nani?"

Tulianza hapohapo. Kasereka alichonga kalibu moja tu kutokana na kipande cha chukudu iliyovunjika, tukaipunguza na kuiongeza kwa udongo kila ilipohitaji uso mwingine. Vipande vilikuwa vidogo, kwa hiyo nilivishona kimoja juu ya kingine, mishono nje, wazi kama makovu. Zamani ningeona haya kuonyesha mshono. Fisi akatokana na mkoba wa mwanamke, kufuli lake likabaki kwenye paji. Sungura akatokana na ndimi kumi na moja za viatu. Na Simba, kapiteni, nilikosa ngozi ngumu ya kutosha, nikaitazama ile bote. Nikaikata. Shingo yake ikawa mashavu, na matundu ya kamba yakawa mstari wa nyusi. Kilikuwa kinyago bora kuliko vyote nilivyopata kutengeneza, na nilikitengeneza kwa mali ya mtu aliyekuwa na bunduki.

Tuliporudi mjini, ile shule ya mtoto wa kisima ilikuwa imemezwa nusu. Uwanja wake ulikuwa mwamba mweusi, mkali, bado una joto ukitia mkono kwenye nyufa. Mwalimu mkuu akatuomba tucheze pale, watoto wacheke kidogo. Habari zikaenea. Zikafika pia kwenye ofisi moja ya waasi ambako mtu alisema: kuna watu wanacheza kapiteni mwoga.

Wakamchukua Papa Anselme. Walimweka siku mbili. Alirudi kwa miguu, mkono wa kulia umevimba kama mkate, vidole havikunjiki. Yeye ndiye aliyekuwa akicheza Simba, na Fisi pia.

"Wamesema nini?" Furaha akamwuliza, anamfunga kitambaa.

"Wamesema tucheze. Komanda atakuja mwenyewe kuangalia. Kama ni mchezo ya batoto, sawa. Kama ni matusi, tutaona."

"Basi tutoe Simba," Kasereka akasema. "Robine ilindwe na… sijui, na Chura."

"Wameshasikia Simba," Furaha akajibu. "Tukimutoa, tumekubali kosa."

Papa Anselme alijaribu kushika mwiko wa bugali, ndio uliokuwa upanga wa kapiteni. Ukamponyoka. Akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi. Sikuwahi kusimama jukwaani maishani mwangu.

"Weye njo umeivaa kuliko sisi wote," Papa Anselme akasema. "Umepanda nayo ngazi."

"Miye ni fundi, Papa."

"Na Simba ni nani? Mutu anajifanya kitu. Jifanye."

Alasiri ile uwanja ulijaa. Watoto walikaa kwenye mawe juu ya vitenge vya mama zao, kwa sababu mawe yalichoma. Komanda alikuja na walinzi sita, akaletewa kiti, akakaa mbele, kofia gotini. Alikuwa mtu mnene kidogo, mtulivu, na utulivu wake ndio ulionitoa jasho.

Ndani ya kinyago unaona kidogo tu, matundu mawili kama ya ufunguo. Papa Anselme alinifundisha: geuza pua ndipo uongee, kwa sababu watu wanaifuata pua. Usikishike kwa mkono, ukikishika kimekufa. Nikatoka. Miguu yangu ilitetemeka kwelikweli, sikuwa naigiza, na watoto walipoiona wakaanza kucheka.

"Nani anataka maji?" nikanguruma. "Anione mimi kwanza! Mimi njo nilipiga ule mulima kofi, ikatapika!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Hata akina mama waliopoteza nyumba walishika mbavu. Nikavuta upanga wangu kiunoni, mwiko ukanasa kwenye kanga, nikavuta, nikajizungusha mwenyewe. Sungura akapita nyuma yangu na bidoni yake, akanywa, akapangusa mdomo kwa mkia wangu. Nikapata moto. Nikasema nimepigana vita arobaini na zote niliwaachia wenzangu ushindi kwa heshima. Na hapo, nyuma ya watu, mbuzi wa mtu akalia: meee!

Hakuwa katika mpangilio wetu. Niliruka. Wallahi niliruka kwa hofu ya kweli, nikaangukia nyuma ya bidoni, matako juu. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Lakini nikiwa chini, kupitia tundu la jicho, niliwaona wale walinzi sita. Hawakucheka. Walikuwa wanamwangalia komanda wajue wafanye nini na nyuso zao.

Mchezo ukaendelea. Fisi, ambaye Papa Anselme alimcheza kwa mkono mmoja, akauza matone. Furaha akaingia taratibu na gundi mgongoni, akamnasa Sungura, na watoto wakasimama wakipiga kelele kama wao ndio waliokuwa na kiu. Tukainama kuaga. Komanda akanyanyua kidole.

"Simba. Kuja hapa."

Nikaenda. Mawe yalinichoma nyayo.

"Toa masiki."

Nikavua. Aliponiona mwanamke, tena mtu mzima, jasho limeporomoka mpaka kifuani, alirudisha kichwa nyuma kidogo. Akanyoosha mkono, nikampa. Akakigeuza, akakitazama ndani, kama mimi nilivyokitazama kile cha kwanza. Akapitisha dole gumba kwenye matundu ya kamba.

"Hii ni bote."

"Ndiyo, afande."

"Bote ya jeshi."

"Ndiyo, afande. Iliachwa kwa Baba ju ya kutengenezwa."

"Na ingine iko wapi?"

Sikuwa na akili ya kutafuta uongo. "Chini ya volkano, afande."

Kwanza mabega yake yalitikisika. Halafu tumbo. Halafu akacheka kwa sauti, akipiga goti kwa kofia, na walinzi sita wakaachilia vicheko walivyokuwa wamevibana muda wote, mmoja akainama kabisa akishikilia bunduki asianguke. Watoto wakafuata bila kujua kwa nini. Nilisimama katikati, sijui kama nicheke au nipige magoti.

Aliponyamaza aliniita karibu, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu mwingine kabisa. "Mama, Simba unamukosea kitu kimoja. Unapoogopa, unaangalia nyuma. Mutu wa vita akiogopa haangalii nyuma. Anaangalia wenzake, aone kama wameona." Akanirudishia kinyago. "Cheza vile. Itakuwa kweli."

Akaondoka. Papa Anselme hakuombwa msamaha na mtu, na vidole viwili vya mkono ule havikupona tena. Sitaki kicheko cha siku ile kifiche jambo hilo. Lakini hakuna aliyetugusa tena. Nami nilicheza kama alivyosema. Kuanzia hapo, kila Simba aliposhtuka aligeuza pua haraka kwa watazamaji, kuona kama wameona. Wanangu, ilikuwa mara mbili ya kicheko, na wakati mwingine, katikati ya kicheko, mtu alinyamaza ghafla. Ni maelekezo bora kuliko yote niliyopewa katika kazi hii, na nilipewa na mtu niliyemwogopa. Yachukueni mafunzo yanakotoka.

Tulicheza miaka mingi. Tulicheza Rutshuru, tukacheza Rumangabo mbele ya walinzi wa mbuga waliotuambia simba wa kweli pia ni mwoga, tukacheza vijiji vya Masisi ambako walituficha chini ya magunia ya maharagi risasi zikilia. Waasi wengine walikuja, wakaenda, wakaja wengine. Mlima ukatoa moto mara nyingine. Nilifundisha watu kupiga ngozi, wengine wakawa bora, mmoja akawa mfanyabiashara wa vitunguu na hajutii. Papa Anselme tulimzika kwao Rutshuru, siku ya mvua, na Kasereka alisoma wasifu wake huku amevaa kinyago, kwa sababu alisema bila hicho hataweza kumaliza. Vidole vyangu mwishowe vikakataa nyundo. Nikaikabidhi kwa mwanafunzi mmoja, nikakaa.

Mwaka mmoja, vita vimewasukuma tena watu kuja mjini, nilikwenda kambi ya waliokimbia upande wa Lac Vert kumtembelea binamu yangu. Nikasikia kicheko. Mnajua mtu wa kazi yangu: nilikifuata. Katikati ya mahema, vijana watano walikuwa wanacheza. Walivaa vinyago vilivyokatwa kwenye bidoni za manjano, zile za maji, mpini wa bidoni umekuwa pua. Nyepesi, zina hewa, hazinuki. Nilijiuliza miaka yote nilikuwa wapi. Sungura alikuwa msichana. Robine ilikuwa tangi la kambi. Na kapiteni, aliposhtuka, hakuangalia nyuma. Aligeuza pua kwetu haraka, aone kama tumeona.

Walipomaliza nikamshika mkono yule Sungura. Alikuwa na miaka kumi na saba, kumi na nane hivi, anatweta, hanijui hata kidogo.

"Mwanangu, hii mulitoa wapi? Nani aliwafundisha?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyeshuka leo.

"Hakuna mwenye alitufundisha, mama. Hii ni ya zamani. Bazee ya hapa kwetu wanachezaka vile tangu kale na kale."

Mdomo wangu ulifunguka kumweleza. Nikaufunga. Nikamwambia tu kwamba kamba ya kinyago chake inambana sikio, nikakaa chini kwenye jiwe, nikamlegezea.